Kokatuu wangu anajinyonyoa manyoya, nimtafutie mwenza?

Mgeni_Ruwi: Asalaam aleikum wakuu. Niko Maskati, nina kokatuu mweupe, yule kasuku mwenye kishungi, dume. Kifua kimebaki ngozi tupu, sasa yuko mapajani. Nasikia ni upweke. Nimtafutie jike?

Vumbi_Jeupe: Kichwani je? Huko mdomo wake haufiki. Kichwa kikiwa kizima, anajinyonyoa mwenyewe. Kikiwa na upara, shuku virusi. Tazama na mdomo: wa ndege mzima huwa kama umepakwa majivu kwa unga wa manyoya. Ukiwa mweusi wa kung'aa, unga umekoma, dalili mbaya.

Mgeni_Ruwi: Kichwa kizima, majivu yapo.

Pwani_Kuu: Mwenza! Wewe mwenyewe umeoa? 😂

Bi_Karafuu: Anakula nini, analala saa ngapi, anavuta moshi gani?

Mgeni_Ruwi: Alizeti. Analala tukilala, saa sita usiku. Moshi hakuna.

Bi_Karafuu: Maskati, moshi hakuna?

Mgeni_Ruwi: Udi tu, jioni, hapo sebuleni alipo. Jamani, nyumba bila udi ni nyumba? Na jike nimeshamlipia arbuni.

Bi_Karafuu: Eti "tu"! Mapafu ya ndege hayastahimili moshi, na masizi yake yananata kwenye manyoya. Chetezo kitoke chumba hicho. Kiyoyozi kinakausha ngozi, mnyunyizie maji vuguvugu asubuhi. Alale gizani kwa muda wa saa 10 hadi 12. Alizeti ni mafuta mengi, vitamini A haba: ipunguze polepole, ongeza karoti, boga na hoho nyekundu, ukimpima kila asubuhi kwa mizani ya gramu. Uzito ukianza kushuka, mrudishie. Parachichi usithubutu, ni sumu kwake.

Mzee_Kishungi: Mwenza ndio balaa. Dume la kokatuu humgeuka jike akampasua mdomo, hata akamuua.

Mwonja_Chai: Macho yake rangi gani?

Mgeni_Ruwi: Mekundu, kama kahawia hivi.

Mwonja_Chai: Chai hii! Dume aliyekomaa macho yake ni kama meusi. Wekundu ni wa jike.

Pwani_Kuu: Tena chai ya tangawizi.

Mgeni_Ruwi: Wallahi aliyeniuzia alisema dume! Ukimpapasa mgongoni anainua mkia...

Mzee_Kishungi: Si chai, kauziwa maneno. Na mgongo acheni! Kumpapasa mgongoni na chini ya bawa kunamtia joto la kutaga, halafu anajinyonyoa. Mkuneni kichwani tu. Daktari amtoe damu: ipimwe jinsia na virusi vya manyoya kwa pamoja.

Mgeni_Ruwi: Chetezo nakihamishia barazani. Ila arbuni hairudi wakuu, mwenzake anafika Alhamisi.

Vumbi_Jeupe: Basi chumba kingine, siku 45, vyombo mbalimbali, naye apimwe. Mhudumie wa zamani kwanza, kisha mgeni, unawe mikono, ubadili na shati.