Filamu za utotoni zikirudiwa na sura mpya, wewe au mwanao mlimwona nani? Tupeane uzoefu

mama_wa_wawili: Habari za jioni wakuu. 2023 nilimpeleka binti yangu kuangalia The Little Mermaid mpya, ile ambayo nguva ni Halle Bailey, dada mweusi wa Marekani. Mimi nimekua na katuni yake ya 1989, yule nguva mweupe nywele nyekundu, kanda tuliazima kwa jirani tukairudia mpaka picha ikawa inapiga michirizi. Sasa binti alikuwa na miaka 6, kasukwa twende kilioni, picha haijafika hata katikati akanivuta mkono, "mama, ana rasta!" Hakusema mweusi wala nini, alichoona yeye ni rasta. Wiki nzima akawa anajifunga kanga yangu miguuni eti mkia, siku moja akaruka nayo jikoni akaangukia beseni la vyombo, kidevu kikashonwa nyuzi 2. Nikakumbuka mimi umri wake nilikuwa najiwekea taulo kichwani halafu nalirusha nyuma kama nywele 😂 Leteni vyenu, vizuri na vibaya, matusi tu hapana.

Chogo_Tandika: Mnajichosha bure. Sisi wa kibanda umiza stelingi alikuwa stelingi, awe Mchina awe Mhindi, tukitoka hapo kila mtu ni yeye. Nilivunja kiti cha bibi kwa teke la Kichina na wala sikuwahi kuwaza kwamba sifanani naye.

mama_wa_wawili: Mkuu wewe ulikuwa unarusha teke, mie nilikuwa narusha taulo. Hiyo ndo tofauti yetu.

msee_wa_thika: Yangu ni Lion King. Ile ya 1994 majina mengi ni yetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, lakini Simba akishakuwa mkubwa sauti ni ya Matthew Broderick, mzungu. Baba yake walau alikuwa James Earl Jones, Mmarekani mweusi. Tulipokuwa tunaiangalia nyumbani Rafiki akamwita Simba nugu, mathe akaacha ugali kwa jiko akaja mbio na mwiko kuuliza ni nani anatukana kwa hii nyumba. 2019 wakairudia, Simba akawa Donald Glover, Nala ni Beyoncé, Rafiki wakampa John Kani wa Afrika Kusini, na Shenzi ni Florence Kasumba ambaye alizaliwa Kampala. Nikawaambia watoto kwa furaha, mnaona huyu Shenzi ni wa hapa tu Uganda! Kijana wangu akaniangalia, "sasa mbona mtu wa kwetu amepewa fisi?" Mpaka leo sijamjibu.

bint_muskati: Huyo kijana apewe soda. Mimi nimesoma Uingereza, mwaka wa kwanza mzima wenzangu walikuwa wakiniita Jasmine, yule binti mfalme wa Aladdin, jina langu hawakutaka hata kulijaribu. Kwa hiyo Aladdin ya 2019 nilikwenda nimejikunja roho kabisa. Maana ile ya 1992 wimbo wa mwanzo ulikuwa na maneno ya kumkata mtu sikio, Waarabu wa Marekani wakalalamika, ndo mstari ukabadilishwa kwenye kanda za 1993. Hii mpya Aladdin ni Mena Massoud, mzaliwa wa Cairo, hapo nikapumua. Jasmine sasa ni Naomi Scott, Muingereza, mamake ni Mhindi wa Uganda. Mimi nikanuna, nilitaka Mwarabu. Mamangu kazaliwa Unguja, yeye alifurahi peke yake, "huyu si kama watoto wa yale maduka ya Darajani!" Na ukitaka ukweli, Aladini wa Alfu Lela Ulela kwenye maandishi ya zamani ni mtoto wa Uchina, sasa sijui nilikuwa namnunia nani.

mvuvi_lamu: Nyinyi mwabishana rangi ya nguva, sisi tunamjua, yule mnyama wa baharini mwenyewe. Wa kijivu, mnene, mdomoni ana masharubu magumu, nywele hana. Babu alikuwa akituapia kuwa usiku hulia kama mtu. Watengeneze hiyo niende nikaone.

Chogo_Tandika: Mwenye masharubu nitalipia kiingilio 😂 Dada, kidevu cha mtoto vipi?

mama_wa_wawili: Kilipona zamani, kovu lipo. Anawaambia wenzake shuleni ni matamvua, ndo anapumulia akiwa majini.