Naomba ushauri: bomba la moshi la jiko la kuni ndani ya nyumba
Wakuu, habari zenu. Nataka kufunga jiko la kuni la chuma sebuleni. Fundi anasema bomba la moshi litoboe ukuta, likate kona mbili, litokee chini ya paa. Mimi naona bora lipande wima hadi juu ya kilele cha paa, kwani kwenye kona moshi huzubaa na masizi hujikusanya, nayo hushika moto. Kinachonitisha zaidi ni kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto: haina rangi wala harufu, na watoto wanalala chumba cha pili. Kengele ya kuitambua nitanunua, hilo halina mjadala. Je, bomba likipita kwenye dari ya mbao, mnaliachia nafasi kiasi gani, na mbao mnazikinga kwa kitu gani? Nisaidieni kabla ukuta haujatobolewa.