Tupeane uzoefu: Wakristo tunahitaji kiongozi mmoja ili tusigawanyike? Kanisani kwenu ilikuaje?

Sauti ya Nne (mleta uzi)

Wakuu habari za jumapili. Naomba leo tusirushiane mistari, Mathayo 16 pale Petro anapopewa funguo wote tunaijua na Wagalatia 2 pale Paulo alipompinga Kefa, yaani Petro huyo huyo, uso kwa uso nayo tunaijua. Mi nataka ulichokiona kwa macho yako.

Naanza mwenyewe. Dhehebu letu silitaji, ni la kiprotestanti, la zamani, lina askofu na katiba na halmashauri zote unazozijua. 2016 ukaanza mvutano kati ya mchungaji na wazee wa kanisa, chanzo fremu za maduka zilizojengwa mbele ya kanisa, nani ashike kodi. Ukapita mwezi, ikapita Pasaka, mwisho mlango mkubwa ukawa na kufuli mbili, moja ya kundi la mchungaji moja ya kundi la wazee, yaani haufunguki mpaka wote muwepo na wote hamtaki kuonana. Wenzetu wakawa wanaingilia mlango mdogo wa ofisini, sisi tunasali nje chini ya mwembe na spika yetu. Siku moja tukajikuta tunaimba tenzi ile ile, sisi tupo beti ya pili wao ndani wapo ya tatu, na kinanda kiko kwao. Askofu alikuja mara mbili, ya pili akasindikizwa na difenda ya polisi. Tukaishia mahakamani.

Sasa mwaka huo huo parokia ya Wakatoliki ya jirani, ukivuka tu daraja, nao walikua wamechafukwa na paroko wao mambo ya mradi wa matofali. Barua ya askofu ikasomwa kwenye matangazo baada ya komunyo, kufika ijumaa paroko kashafungasha. Watu walinuna mpaka Kwaresima ikaisha ila hakuna alieondoka na kufuli yake.

Ndo nikabaki najiuliza, ugomvi upo kila kanisa, ila wa wenzetu una mahali pa kuishia. Nyie wa kwenu unaishiaga wapi? Karibuni.

Mlei wa Kigango

Mkuu usituonee wivu kiasi hicho hahaha. Hiyo ya paroko kuhamishwa ijumaa naijua sana, kwetu ilitokea pia, na hela za mradi mpaka kesho hatujawahi kusomewa. Alieuliza kwenye jumuiya aliambiwa "mtii askofu". Kwahiyo mlango una kufuli moja sawa, lakini na funguo anayo mtu mmoja.

Ila nikiri kitu. Papa Fransisko alipofariki ile jumatatu ya Pasaka 2025, misa zilizofuata padre akifika pale kwenye sala anapotaja Papa na askofu wetu, anamtaja askofu tu. Wiki mbili na ushee. Sikuwahi kujua kama jina lile nalisikiliza mpaka lilipokosekana. Tarehe 8 Mei akapatikana Leo wa 14, jumapili padre anasema "Papa wetu Leo", bibi yangu akanivuta kanga, "huyu wa leo ndo nani, na wa kesho?" Nilicheka kwenye mageuzo ya mkate na divai, Mungu anisamehe.

Halafu kingine, ule waraka wa Roma wa Desemba 2023 kuhusu kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Kigangoni kwetu watu walichemka, kuna mzee alisema anahamia kwa walokole. Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa akatoa barua kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba huku kwetu baraka hizo hapana, na kabla ya kuitoa alishakwenda Roma akaongea na Papa mwenyewe. Yule mzee hakuhama. Hapo ndo naona faida ya kuwa na mlango wa kugonga.

Mgogo Halisi

Sisi Waanglikana tuulizeni vizuri maana tunaishi hilo swali. Mama yangu katokea Muheza kule kwa wamisionari wa UMCA, ubani, kengele, ishara ya msalaba. Baba wa Dodoma, kwa wamisionari wa CMS, mambo makavu. Mama alivyoolewa akaja huku, jumapili ya kwanza akafanya ishara ya msalaba, wamama wa benchi la nyuma wakaulizana kimyakimya huyu mke wa fulani ni Mroma? Kanisa moja, jimbo moja! Na hatukugombana, miaka yote hiyo.

Watu wanadhani Askofu Mkuu wa Canterbury, kule Uingereza, ni papa wetu. Hana hata uwezo wa kumwamrisha askofu wa Mpwapwa ahamishe benchi. Ni kama mkubwa wa ukoo, unamheshimu, ukimkosea anasikitika. Ilitosha mpaka 2003 kule Marekani, New Hampshire, walipomweka wakfu askofu anaeishi waziwazi na mwanaume mwenzie. 2008 wasiotaka wakakutana Yerusalemu ikazaliwa GAFCON, na 2023 Kigali wakasema wazi kwamba Canterbury hatumtambui tena kama kiongozi wa kutuunganisha. Mimi mambo ya kimaadili nipo na hao wa Kigali, lakini moyoni naumia, kwasababu kile kitu kilichomfanya mama akae benchi moja na wamama wa Dodoma ni ile hali ya kuvumiliana bila kuamrishwa, na hicho ndo kimeisha.

Nshomile

Naona hakuna Muorthodoksi, nije mimi, Bukoba tupo jamani sio wageni. Sisi tunajisifu hatuna papa. Toka 1054 tulipoachana na Roma, liturujia yetu imebaki ile ile bila mtu mmoja wa kutusimamia, na ni kweli.

Lakini sikilizeni. Afrika yote ipo chini ya Patriaki (askofu mkuu kabisa) wa Aleksandria. 2018 kanisa la Moscow wakavunja ushirika na la Konstantinopoli kwa ugomvi wa kanisa la Ukraine, unasema hayo yao. 2019 patriaki wetu akalitambua kanisa jipya la Ukraine. Desemba 2021 Moscow wakafungua jimbo lao Afrika na wakapokea mapadri zaidi ya 100 kwa mkupuo kutoka nchi zetu. Ndugu yangu mmoja alisoma seminari Riruta, Nairobi, padre aliekua analala nae chumba kimoja akaenda huko. Wana vitabu vile vile, mavazi yale yale, nyimbo zile zile, ila kikombe hawashiriki tena. Ugomvi wa Ukraine umekuja kuwakuta watu wawili waliokua wanagawana sabuni.

Na hakuna wa kumpigia simu, hilo ndo jibu langu kwa mleta uzi. Wakubwa wakigombana hakuna mkubwa wao.

Nyarkisumu

Huku kwetu Kenya mniruhusu nichekeshe kidogo. Legio Maria walitoka Katoliki miaka ya 60, kwa Wajaluo haswa. Dani yangu, yaani bibi, alikuwa huko, kanzu nyeupe, rozari, Misa yenye Kilatini ndani. Na unajua walifanya nini baada ya kumwacha Papa wa Roma? Waliweka Papa wao. Hata kama umekasirikia kiti, ni ngumu kukaa chini.

Mzee wa Tarehe

Mnaosema kiti ndio dawa someni 1378 mpaka 1417. Mapapa wawili, mmoja Roma mmoja Avignon, wakajaribu kusuluhisha kwa mkutano wa Pisa wakapata wa tatu. Kufuli tatu mlango mmoja, mleta uzi afarijike. Na aliyemaliza sio papa, ni mtaguso (mkutano mkuu wa kanisa) wa Konstanz, ndo ukamchagua Martin wa 5.

Lesoni Mkononi

Msabato hapa. Kwetu ni kura. 2015 San Antonio Marekani wajumbe wa dunia nzima walipigia kura kama kila kanda ijiamulie kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji, hapana 1381, ndiyo 977. Dada yangu alitaka sana ipite, alilia. Sabato iliyofuata yupo darasani na lesoni, kitabu chetu cha masomo ya Biblia, ile ile inayosomwa siku hiyo hiyo Brazil na Musoma. Sisi katuunganisha kale kakitabu kuliko mwenyekiti yeyote.

Kona ya Spika

Mi mlokole. Mtaani kwetu kanisa moja limezaa matatu ndani ya miaka sita, yote kwenye mita mia mbili, jumapili ukisimama kwenye kona unasikia "Haleluya" tatu zinakatana. Hakuna kesi, hakuna polisi, ukikwazika unanunua turubai unaanza. Mchungaji wangu wa kwanza na aliyemwacha bado wanasalimiana. Labda tunafarakana kirahisi ndo maana hatuchukiani sana? Sijui. Viti vya msiba tunaazimana wote watatu.

Mama Wawili

Nyie mnaongelea maaskofu mi naongelea benchi. Mi Mkatoliki mume wangu Mlutheri wa KKKT, tulifunga ndoa kwa ruhusa ya askofu, makaratasi kibao. Tarehe 31 Oktoba 1999 huko Augsburg wakubwa wa Walutheri na Roma walisaini pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, lile jambo lililowagombanisha toka enzi za Luther, mume wangu ananisomeaga hiyo kama mtu mwenye risiti mkononi. Lakini muda wa komunyo anabaki amekaa, anasogeza magoti wengine wapite. Mwaka jana mwanangu wa pili alipokea komunyo ya kwanza, akarudi mdomo umefumba, akamnong'oneza babake "baba mbona wewe huli, umeadhibiwa?" Padre ni mtu mzuri sana na mchungaji wao nae hivyo hivyo, na wote wawili wakija kula pilau nyumbani wanakula sahani moja.

Mlei wa Kigango

Mama Wawili umenimaliza.

Mleta uzi hukutuambia, kesi iliishaje? Na kinanda je?

Sauti ya Nne

Nimewasoma wote, ya sabuni na ya magoti sitaisahau. Kesi mahakama ilisema turudi tukamalizane kwenye vikao vya kanisa, yaani kule kule tulikotoka. Kufuli zimebaki moja, wale wa mwembeni nusu walirudi, nusu wamejenga kwao, mimi ni wa nusu iliyorudi ila siku hizi siimbi.

Kinanda kilichukuliwa na polisi kama kielelezo. Bado kipo kituoni, nilikiona mwezi wa tatu nilipoenda kuchukua lost ripoti ya kitambulisho, kimewekewa majalada juu.