Tupeane uzoefu: karoti imewafaa nini nyumbani kwenu, watu wa Tanga?

Mama Nasra, Chumbageni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Karoti za Lushoto zimejaa Mgandini, na wengi wetu tunanunua za pilau na kachumbari tu, vipande vya kupambia, basi. Mimi nataka tuizungumze kama chakula. Kwangu inaingia kwenye mchuzi wa samaki wa nazi. Naikwangua, naikaanga na kitunguu mpaka ilainike, halafu natia tui jepesi, tui zito mwisho. Ukitazama sufuria, mafuta yanayoelea juu yamegeuka rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo betakarotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Inayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji haiyeyuki. Kwa hiyo karoti iliyopikwa kwa nazi inaupa mwili vitamini hiyo kwa wingi kuliko ile unayoitafuna mbichi peke yake. Wenzangu mnaitumiaje, na mmeona nini?

Mkulima wa Soni
Ahsante dada. Sie huku juu tunakulimieni, basi nami niongeze moja. Karoti yenye majani inavutia sokoni, lakini ukifika nyumbani yakate hapo hapo. Majani yanaendelea kunyonya maji ya mzizi, kesho yake unakuta imenywea. Na msiimenye kama kiazi. Ioshe vizuri, iparuze kidogo kwa kisu, inatosha.

Bint Pongwe
Langu ni la mwanangu. Alipoanza kula nilikuwa nampondea karoti, boga na papai, kila siku kimojawapo kipo. Siku moja bibi yake anamwogesha, akaona viganja na nyayo zimekuwa za njano. Nyumba nzima ikashikwa na hofu, tukasema ini hilo. Tukambeba hadi kliniki. Muuguzi hakuanzia mikononi, alianza kwa kumfunua macho. Weupe wa jicho ulikuwa mweupe kabisa. Akatueleza kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa manjano, hata macho yanakuwa ya njano. Huyu ni rangi ya vyakula tu. Mwili unageuza kiasi unachohitaji kuwa vitamini A, rangi iliyobaki inakaa kwenye ngozi, na haina madhara. Tukaambiwa tubadilishebadilishe vyakula, na polepole viganja vikarudi. Alisisitiza pia matone ya vitamini A tusiyaache, yale ya mara mbili kwa mwaka, kuanzia miezi 6 mpaka mtoto atimize miaka 5. Mama mwenzangu ukiona njano, tazama macho kwanza, kisha mpeleke akaangaliwe. Usikae nyumbani unakisia.

Mzee wa Raskazoni
Wanangu, nizungumzie macho, maana hapa watu wanapotea. Kaka yangu alianza kuona ukungu. Akashauriwa juisi ya karoti asubuhi na jioni, akainywa msimu mzima, ukungu ukazidi. Alipopimwa, kumbe ni mtoto wa jicho, na tiba yake ni upasuaji. Kafanyiwa, sasa anasoma gazeti. Vitamini A inafanya kazi nyuma ya jicho, inakusaidia kuona kwenye mwanga hafifu. Mtu aliyepungukiwa nayo, magharibi ikiingia anaanza kujikwaa. Huyo karoti itamfaa sana. Lakini haiondoi miwani wala mtoto wa jicho. Sifa hizi nyingine zilikuzwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Pili: walitangaza kwamba rubani wao John Cunningham anatungua ndege za Wajerumani usiku kwa sababu anakula karoti, wakati kilichomwongoza ni rada iliyofungwa ndani ya ndege. Macho yakififia, kapimwe mapema.

Shoga wa Ngamiani
Shikamoo mzee, ahsante kwa hilo. Mimi nina kisukari, naambiwa karoti ni tamu niiache. Kuna anayejua?

Mama Nasra, Chumbageni
Usiiache shoga. Gramu 100 za karoti mbichi zina sukari kama gramu 5 tu, nyuzinyuzi karibu gramu 3, na nishati kilokalori kama 41. Sehemu kubwa ni maji. Ile nzima, mbichi au ya kuchemsha, haipandishi sukari kwa kasi. Juisi ndiyo ya kuangalia: unasaga karoti kibao kwa glasi moja, unachuja nyuzinyuzi zote, halafu watu wanaongeza machungwa ya Muheza na sukari juu yake. Itafune. Na zikiadimika, mchicha, matembele na viazi lishe vina betakarotini vilevile.

Mama wa Watatu, Makorora
Na wangu hawataki hata kuiona kwenye sahani!

Bint Pongwe
Ikwangue laini, ichanganye na unga wa chapati kabla hujatia maji, na maji upunguze maana karoti ina yake. Kanda, sukuma, choma kwa mafuta kama kawaida. Kwangu zinagombaniwa zikiwa bado za moto.