Tumeleta mama atibiwe, hatukuja kuhubiriwa!

Wakuu salaam, na wagosi wenzangu wa Tanga mliomo humu. Nina hasira, mtanisamehe nikipayuka.

Mama yangu mzazi kapigwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala, maneno hayatoki. Hospitali siitaji, maana bado yumo wodini na wanaomchoma sindano ni haohao.

Usiku aliolazwa, nesi wa zamu akatufuata mimi na dada yangu kwenye benchi la nje. Nikajua anakuja kutupa hali ya mgonjwa. Wapi! Akauliza kama mama anaswali, tukasema ndiyo. Basi akaanza: ugonjwa huu una mlango wake, kuna kitu kwenye ukoo wenu, dawa za hospitali zinatuliza tu, mpokeeni Yesu, kuna mtumishi namjua atamwombea asimame. Akahubiri mpaka dada akaangua kilio. Na sisi tunaitikia tu, "sawa sista, ahsante sista". Mtu aliyeshika dripu ya mama yako utamjibu nini?

Hapo ndipo panaponichoma. Mhubiri wa sokoni Ngamiani akinichosha naondoka zangu. Wodini naondoka niende wapi?

Asubuhi dada akamnywesha mama uji, kalala chali vilevile. Ukampalia, macho yakamtoka, tukadhani ndiyo basi. Aliyemwahi ni mama mmoja wa Pangani anayemuuguza mzazi wake kitanda cha jirani. Kamwinua, kampigapiga mgongo, halafu katupa darasa: mwenye kiharusi asipewe kitu mdomoni mpaka aangaliwe kama anameza, kwa sababu chakula kinaweza kuingia mapafuni. Na ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo utatoka vidonda. Nikaja kumuuliza daktari, akasema ni kweli tupu. Sasa yule nesi, muda wa kutuchambulia mashetani ya ukoo aliupata, wa kusema "msimlishe huyu kwanza" akaukosa?

Najua kuna watakaokuja mbio kuniita mdini. Ngojeni. Kwenye foleni ya dirisha la dawa nimemsikia tabibu, Muislamu mwenzangu kabisa, akimwambia binti wa Kilutheri wa Lushoto aliyefiwa na kichanga kwamba ndiyo malipo ya kuzaa nje ya ndoa. Mbele za watu! Binti kainamisha kichwa. Huyo naye sioni tofauti yake na yule nesi.

Halafu kuna akina "tumwachie Mungu". Unamuuliza dokta, ni damu imeganda au mshipa umepasuka? "Ombeni sana." Dokta, Mungu tunamwomba tangu tuko kwenye bajaji! Sema basi kwamba bila siti skani, kile kipimo cha picha ya ubongo, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili, ndugu tuanze kuchangishana.

Sisemi wafiche imani zao. Yupo nesi mmoja mtu mzima, rozari shingoni, aliuliza kwa upole kama tungependa mjomba aje amsomee mama Yasini. Tukasema tungependa. Akatuvutia pazia, akawaomba wa vitanda jirani wapunguze sauti, akaenda zake kuendelea na kazi. Aliuliza, akangoja jibu. Huyo hata angetaka kutuombea kwa dini yake tungekubali.

Katiba ibara ya 19 inasema kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Sawa, hubiri, lakini ukiwa umevaa sare, kwenye zamu unayolipwa, kwa watu wasioweza kukukimbia? Hata Tamko la Geneva la 1948, kile kiapo cha madaktari, linakataza dini kuingia kati ya daktari na wajibu wake kwa mgonjwa.

Sanduku la maoni lipo, kufuli limeota kutu, nalo limetundikwa mbele kabisa ya meza ya manesi. (Aliyechagua pale ana akili sana.) Mganga mfawidhi yupo, Baraza la Wauguzi na Wakunga lipo. Mliowahi kulalamika mgonjwa wenu akiwa bado kitandani, mlianzia kwa nani, na mgonjwa alihudumiwaje baada ya hapo? Nijibuni mapema, leo tena yule sista ana zamu ya usiku.