Mrejesho: nimemaliza The Girl on the Train

Wiki mbili zilizopita niliuliza kama niendelee na riwaya hii ya Paula Hawkins (2015), maana Rachel, mlevi asiyekumbuka usiku wake, alikuwa ananichosha. Mkaniambia nivumilie. Asanteni sana wakuu.

Nimemaliza jana usiku. Kama hujaisoma, ishia hapa.

Kumbe Tom, mtalaka wake, ndiye aliyekuwa akimjaza kumbukumbu za uongo! Ile fimbo ya gofu iliyobandua plasta ukutani: Rachel anaishi na aibu akiamini yeye ndiye aliyemshambulia mumewe, kumbe mshambuliaji ni Tom. Hapo nilifunga kitabu, nikakaa kimya. Pombe ilimsahaulisha, lakini mume ndiye aliyemtungia kilichotokea. Naanza upya leo, nifuatilie kauli za Tom tu.