Nimepata uhadhiri Mbarara, nahamia na mke na watoto wawili: niombe nini kabla sijatia saini?

Mwalimu wa Likoni anauliza:

Hamjambo wenzangu mlioko Uganda. Nimeletewa barua ya ajira ya uhadhiri wa hesabu katika chuo kimoja Mbarara. Mkataba ni wa miaka mitatu, kuanza Agosti. Kuhusu kuhama, barua yasema nitapewa posho ya safari "ya mhusika", na nyumba nitajitafutia. Basi. Mke wangu ni muuguzi, ana miaka kumi na mmoja kazini hapa Mombasa. Binti yetu yuko gredi ya 8, mdogo wake gredi ya 4.

Nimempigia ofisa wa ajira. Ni mtu wa adabu sana, akaniambia "wewe njoo, mengine tutayaona ukishafika." Mke wangu aliposikia akakaa kimya, halafu akasema hawezi kuacha kazi ya kudumu kwa ajili ya "tutayaona". Naona ana haki. Lakini naogopa nikiuliza mengi nitaonekana msumbufu hata sijaanza. Nimepewa siku kumi za kujibu. Waliohama na familia, niombe nini?

Mama Saumu, kutoka Tanga, sasa Mbarara:

Kaka, kwanza mpe wifi salamu zangu, umwambie hajakosea hata kidogo.

Ombi lako la kwanza liwe hili: majina manne kwenye barua. Lako, la wifi, na ya watoto wote wawili. "Mhusika" hapana. "Mhusika na familia yake", kisha majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Mengine yote utakayoomba yanasimama juu ya hilo.

Nakueleza kwa nini nashikilia. Tulikuja Uganda mwaka 2016, mji mwingine, chuo kingine ambacho sikitaji. Mume wangu alipokewa vizuri, akapewa ofisi, kibali chake cha kazi kikatoka. Mimi na Saumu, wakati huo ana miezi minane, hatukuwa kwenye karatasi yoyote. Hakuna aliyetuambia kwamba mke na mtoto huombewa kibali chao cha utegemezi mbali na kile cha mfanyakazi. Sisi tulidhani cha mume kinatufunika wote. Niligundua nikiwa Mutukula, mpakani, naenda Tanga kwa mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Siku nilizogongewa kwenye pasipoti zilikuwa zimekwisha zamani. Nikawekwa benchi na mtoto mgongoni tangu asubuhi mpaka alasiri, faini ikalipwa, basi limeshaondoka. Nikalala Mutukula. Mama nilimkuta amezikwa jana yake. Yule ofisa wa mpakani simlaumu, alifanya kazi yake. Lakini kama jina langu lingekuwa kwenye barua ya kwanza, mtu fulani ofisini angelazimika kuniombea karatasi.

Sasa karatasi zenyewe. Ninyi Wakenya hamtozwi ada ya kibali cha kazi Uganda, lakini kuomba ni lazima. Taratibu za soko la pamoja la Afrika Mashariki zinataka uombe ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, nao wakujibu ndani ya siku 30. Kibali cha mwanzo hakizidi miaka miwili, na mkataba wako ni wa mitatu, kwa hiyo uliza mapema nani atashughulikia kukihuisha. Wewe mwenyewe waweza kuvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho, lakini usije hivyo. Njooni wote na pasipoti, na kila mmoja na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano.

Wifi ana kazi ya ziada, na aianze wiki hii akiwa bado huko. Kibali cha utegemezi kitampa kukaa, si kuajiriwa. Akipata kazi ataombewa chake. Kabla ya hapo ni lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, nao watataka uthibitisho kutoka baraza la Kenya kwamba leseni yake ni safi. Barua hiyo ukiifuatilia ukiwa Likoni ni safari ya siku chache. Ukiifuatilia ukiwa Mbarara ni simu zisizopokelewa. Na tafadhali asiandike barua ya kuacha kazi. Aombe likizo bila malipo, hata ya mwaka mmoja, kama mwajiri wake anairuhusu. Mimi nilikuwa mwalimu, niliacha kazi kwa furaha ya kumfuata mume, nikakaa nyumbani miaka mitatu. Hiyo miaka mitatu bado inaniuma.

Nyumba: usikodi kwa picha za simu. Omba chuo kikupe wiki mbili za kulala, nyumba ya wageni au hosteli ya wafanyakazi, ili uitafute mwenyewe kwa miguu. Madalali wapo wengi, na baadhi hutaka pesa kwa kila nyumba wanayokuonyesha, ipendeze isipendeze. Tuliambiwa tulipe miezi sita mbele, tukalipa kwa kutojua. Sasa kuna sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022, hawezi kukudai zaidi ya miezi mitatu. Angalia kama kuna tangi la maji. Tokeni za umeme huku zinaitwa Yaka, basi nunua za elfu tano mbele ya mwenye nyumba uone zinaingia, maana mita yaweza kuwa na deni la mpangaji aliyetangulia. Na kabla ya kuchagua mtaa, uliza utafundishia kampasi ipi. Ukiwa katikati ya mji, Kakoba, Kamukuzi na Ruharo ni pa kuishi na watoto.

Mji wenyewe mtaupenda. Baridi ya asubuhi ni ya kweli, leteni masweta. Maziwa ni ya kumwaga, matoke ndiyo chakula, nazi ni ya kutafutwa kwa tochi. Jifunzeni kusema "agandi" (habari) na kujibu "ni marungi" (nzuri) kabla ya kununua kitu chochote, utaona nyuso zinavyofunguka. Kiswahili kinaeleweka kwa wengi, lakini usikianze kwa sauti kubwa mbele ya wazee. Majeshi ya Tanzania yaliuteka mji huu Februari 1979, majengo mengi yakabomolewa, na wapo ambao kwao Kiswahili bado ni lugha ya bunduki. Mimi Mtanzania nimejifunza kusalimia kwa Kinyankole kwanza. Wakishanijua, wenyewe ndio huniletea Kiswahili.

Mstaafu wa Bombo:

Mwalimu, mimi ni Mnubi wa Bombo, nimefanya kazi ofisi ya uhasibu ya chuo miaka ishirini na miwili. Mama hapo juu amesema kweli, nami naongeza kwa nini yale majina yana uzito hata siku ya kuondoka.

Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mtu aliyeajiriwa kufanya kazi zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao, mkataba ukiisha mwajiri anagharamia kumrudisha. Halafu ikaongeza: kama familia ililetwa na mwajiri, familia nzima inarudishwa kwa gharama ya mwajiri, hata mfanyakazi akifariki. Soma vizuri hapo: *ililetwa na mwajiri*. Kama barua inasema "mhusika" peke yake, na wewe ukawaleta watoto kwa basi kwa pesa yako, siku ya shida utathibitisha nini? Nimewahi kuona mjane akisimama mbele ya dawati langu na swali hilo. Jina lake halikuwa kwenye faili. Tulichanga wafanyakazi, mzigo wake ukaenda.

Jambo la pili ni kodi. Mgeni aliyeajiriwa kutoka nje, ambaye yuko Uganda kwa kazi ya mwajiri huyo tu, nauli ya kumleta na kumrudisha inayolipwa na mwajiri haihesabiwi kama mapato yake. Kwa hiyo ni afadhali chuo kilipe nauli na lori la mizigo chenyewe, kuliko kukupa fungu la pesa liitwe "posho" likapita kwenye mshahara na kukatwa. Waombe waiandike hivyo. Akiba ya NSSF, mfuko wa uzeeni, utakatwa asilimia 5 ya mshahara, na chuo kitaweka 10.

Kuhusu kuonekana msumbufu: hapana. Ofisini tuliwaheshimu waliouliza kwa maandishi. Waliotupa taabu ni wale walionyamaza wakaja kulia baada ya miezi mitatu.

Okello wa Gulu:

Mimi naona tofauti kidogo. Nilipohamia Gulu kutoka Nairobi nilitangulia peke yangu miezi minne, familia ikafuata. Sikujuta. Mwaka wa shule Uganda unaanza Februari, na huo wa kwenu unaanza Januari. Watoto wakija Agosti wataingia muhula wa tatu, wa mwisho, wakikuta wenzao wanajiandaa kwa mitihani ya kufunga mwaka. Waache wamalize mwaka huko.

Huyo binti wa gredi ya 8 ndiye wa kufikiria zaidi. Huku msingi ni miaka saba, unafungwa darasa la saba (P7) kwa mtihani wa PLE, halafu sekondari inaanza S1. Yeye hana PLE. Shule yaweza kumpokea bila neno, lakini akifika S4 kusajiliwa mtihani wa UCE, wa kidato cha nne, ataulizwa cheti cha msingi. Peleka matokeo yake ya gredi ya 6 kwa baraza la mitihani, UNEB, Ntinda, Kampala, yalinganishwe mapema. Mdogo ataingia P4 au P5, hana shida. Omba kabisa shule ikupe orodha ya vitu vya kuleta. Mimi nilishangaa kuona mafagio, rimu za karatasi na karatasi za chooni kwa kila mtoto, kila muhula.

Mama Saumu, kutoka Tanga, sasa Mbarara:

Okello, kuhusu shule nakubali, Februari ni bora. Ila kutangulia peke yake kusiwe sababu ya majina kusubiri. Majina yaingie sasa, familia ije Januari. Barua ikishasainiwa na mtu mmoja, kuifungua tena ni kuomba hisani.

Mwalimu wa Likoni:

Nawashukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jibu.

Niliandika barua pepe ya aya nne, na mke wangu akaisoma kabla sijaituma. Niliomba majina manne, chuo kituombee vibali vyote kwa pamoja, wiki mbili za kulala, na nauli na lori vilipwe moja kwa moja. Nilikaa siku nne roho juu. Jana wamejibu. Majina wameyaweka, barua mpya ninayo. Vibali wataomba vyote, wametaka nakala za pasipoti na vyeti vya kuzaliwa. Kulala wametoa siku kumi badala ya kumi na nne. Lori wamekataa, wanalipia nauli ya watu wanne na mzigo wa kilo mia mbili kwa basi. Vitanda tutauza huku.

Mke wangu amepeleka ombi la likizo bila malipo, na jana asubuhi ameandikia baraza la wauguzi. Mimi natangulia Agosti, wao Januari. Ameniambia nimuulize Mama Saumu: kilo mia mbili, huko kipi hakipatikani?

Mama Saumu, kutoka Tanga, sasa Mbarara:

Alhamdulillahi. Nimemsomea mume wangu jibu lako, akasema hizo siku kumi zinatosha kama utaanza kutafuta nyumba siku ile ile ya kufika.

Mwambie wifi: mbuzi ya kukunia nazi, iliki na bizari mtakazotumia mwaka mzima, vitabu vya watoto, na blanketi nzito kila mtu na yake. Sufuria na ndoo msibebe, soko limejaa. Nazi kavu leteni kama ishirini, zinakaa. Akishajua siku ya basi aniandikie hapa, nitakuja stendi na Saumu.